Kiraka cha Sekunde 22: Uchambuzi wa Kisa cha Rekodi za Jukwaani Zilizowekwa Wazi Mtandaoni

Majina ya watu, bendi, kumbi na hifadhi iliyohusika yameondolewa, na tarehe za maonyesho pia. Idadi ya kanda, muda na mfuatano wa mambo nimeviacha vilivyokuwa, kwa sababu bila hivyo kisa hakifundishi kitu. Mimi nilikuwa mmoja wa watu watatu walioifanya kazi hii kwa kujitolea. Makosa mengi ya upande wa maandishi ni yangu, kwa hiyo nisomwe kwa tahadhari hiyo.

Usuli

Mwenye kanda tulimwita Mzee, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Kwa miaka 11 aliifuata bendi moja ukumbi baada ya ukumbi, akiwa na maikrofoni mbili, mti wa kuzisimamishia na kinasa sauti cha mkononi. Bendi ilimjua. Kiongozi wake alimruhusu kwa mdomo, akampa na mahali pa kusimama karibu na fundi mitambo, kwa sharti moja tu: asiuze. Alipofika umri wa kutoweza tena kubeba mti wa maikrofoni, alikuwa na kaseti 112 na kanda za kidijitali za DAT 19, jumla maonyesho 63. Alitaka yasikike kabla kanda hazijaharibika, na yasikike bure.

Si yeye aliyebuni sharti hilo. Mwaka 1984 bendi ya Marekani Grateful Dead iliwatengea warekodi sehemu yao ukumbini, nyuma ya mikseri (meza ya kuchanganyia sauti), na kuanzia hapo utamaduni wa kubadilishana kanda bila fedha ukapata uso wa halali. Kanda zilikwenda kwa posta, na kila nakala iliyozaliwa kutoka nakala nyingine ilikuja na mchakacho zaidi. Mwaka 1998 jumuiya ya etree ilianza kusambaza rekodi hizo kwa intaneti katika mafaili yanayobanwa bila kupoteza chochote cha sauti. Mwaka 2002 jumuiya hiyo ikaungana na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, kuanzisha hifadhi ya rekodi za jukwaani iitwayo Live Music Archive, ambako rekodi hupokelewa pale tu bendi yenyewe inapokuwa imekubali.

Ipo tofauti moja ambayo msomaji asiipite haraka, kwani kisa chote kinaning'inia hapo. Rekodi ya ukumbini hunaswa na maikrofoni zilizosimama katikati ya watu: unasikia muziki, makofi, na jirani anayekohoa. Rekodi ya mikseri hutoka kwenye waya wa fundi mitambo: unasikia kila maikrofoni ya jukwaani kana kwamba umeiweka sikioni, na watu karibu hawapo. Mwezi Novemba 2005 rekodi za Grateful Dead ziliondolewa kwenye upakuaji. Mashabiki walipolalamika, za ukumbini zilirudishwa, lakini za mikseri zikabaki za kusikiliza tu bila kupakua. Tulikijua kisa hicho kwa moyo. Tulikisimulia hata kwa Mzee siku ya kwanza. Halafu tukafanya kazi kana kwamba hatujawahi kukisikia.

Kuzihamisha kanda

Tuligawana kazi: mmoja kwenye deki, yaani mashine ya kuchezea kaseti, mmoja kwenye uhariri, mimi kwenye maandishi na upakiaji.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba kila upande wa kaseti ungehamishwa wote, tangu utepe unapoanza hadi unapokwisha, kwa sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24, na faili hilo lisiguswe tena na mtu. Uhariri ungefanyika kwenye nakala. Mwenzetu wa deki alisisitiza pia kila faili la asili lipewe alama ya uhakiki ya MD5, ile mistari ya herufi na tarakimu 32 inayobadilika yote ukigusa hata sampuli moja. Wakati ule niliona ni usumbufu. Baadaye ndiyo iliyotuokoa.

Uamuzi wa pili ulihusu hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma utepe. Kaseti iliyorekodiwa na hedi iliyoinama kidogo ikichezwa kwenye hedi iliyonyooka hupoteza sauti za juu, matoazi yakawa kama yamefunikwa blanketi. Kwa hiyo skrubu ya hedi ililegezwa na kukazwa upya kwa kila kaseti, kwa sikio, na hedifoni zikiwa katika mono. Kazi ya dakika 2 kwa kaseti, na hakuna programu inayoweza kuifidia kikamilifu ukishahamisha.

Tatizo lililotutoa jasho kweli ni betri. Kaseti hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini kinasa cha Mzee kilitumia betri, na betri zikichoka mota hupunguza mwendo. Sasa fikiria: utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwa mwendo wa kawaida, wimbo unakimbia na sauti inapanda. Maonyesho mengi yalianza sawasawa na kuishia juu kwa takriban asilimia 3, ambayo ni nusu ya hatua kati ya noti na noti. Msikilizaji wa kawaida hajui kilichotokea, anahisi tu kwamba bendi ilikuwa na haraka mwishoni. Anayejaribu kupiga gitaa sambamba na rekodi anajua mara moja.

Mwenzetu wa uhariri alitumia vipimo viwili. Kwanza ni mvumo wa umeme uliovuja kwenye vikuza sauti vya jukwaani, ambao katika nchi nyingi hukaa kwenye hetzi 50 na katika nyingine 60. Ukiukuta umepanda, unajua utepe umekwenda kasi kiasi gani. Pili ni kinanda cha umeme, ambacho hakiwezi kupandishwa na furaha ya mpigaji kama sauti ya mwimbaji. Kwa kuvioanisha viwili hivyo alichora mteremko wa kasi kwa kila onyesho na kuusahihisha hatua kwa hatua. Kazi nzuri, ya mtu mwenye sikio.

Na mimi kwenye faili la maandishi linaloambatana na sauti nikaandika maneno mawili: "kasi imerekebishwa." Imerekebishwa wapi, kwa kiasi gani, kwa kipimo kipi, sikusema. Niliona msikilizaji hahitaji.

Kiraka

Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande. Onyesho la saa mbili lazima ligeuziwe kaseti mahali fulani, na hapo panabaki pengo. Mrekodi mchanga hugeuza utepe unapokwisha na kukata wimbo katikati. Mzee hakuwa mchanga. Alihesabu dakika kichwani, akasubiri wimbo uishe, akageuza wakati wanamuziki wanaongea na kunywa maji. Ndiyo maana nyimbo zake karibu zote ni kamili, na mapengo yake karibu yote yameangukia kwenye maongezi.

Fundi mitambo wa zamani wa bendi aliposikia kuhusu kazi yetu, alituletea kanda zake za mikseri za baadhi ya maonyesho yale yale. Alizitoa kwa moyo mweupe, na aliamini ni zake kwa kuwa kidole kilichobonyeza kitufe cha kurekodi kilikuwa chake. Hatukuzipakia zenyewe. Tulijua tusingeweza bila kuuliza. Lakini mwenzetu wa uhariri akaja na wazo lililoonekana dogo: tuchukue sekunde chache tu za kuziba mapengo. Pengo la kwanza kuzibwa lilikuwa la sekunde 22.

Sote tulikubali. Kwa kuwa sauti ya mikseri haina watu, kiraka kilisikika kama ukumbi umemezwa ghafla, basi akafunika makofi kutoka dakika nyingine ya onyesho hilo hilo juu yake ili mshono usionekane. Ulikuwa mshono safi kabisa. Mara ya kwanza niliuandika kwenye faili la maandishi, na ya pili pia. Kufikia onyesho la kumi hivi sikuwa nikiulizwa tena wala kuuliza, napokea faili, napakia.

Idhini ya kupakia tulikuwa nayo: kiongozi wa bendi alituandikia kwamba rekodi za Mzee ziwekwe wazi, ilimradi hakuna anayeziuza. Tuliihifadhi, tukaituma kwa wasimamizi wa hifadhi, tukapakia maonyesho 58.

Barua ya mwimbaji

Miezi minne baadaye mwimbaji aliyeiacha bendi katikati ya ile miaka 11 alituandikia. Mtu wa familia yake alikuwa amempigia rekodi ya onyesho moja kwa furaha, na kati ya wimbo na wimbo akajisikia akimwambia mpiga besi jambo kuhusu afya yake ambalo hakuwahi kulisema hadharani.

Ukumbini hakuna aliyelisikia. Alikuwa karibu na maikrofoni, watu wanapiga makofi, maneno yakamezwa. Kwenye waya wa mikseri hakuna makofi ya kumeza kitu. Tulikuwa tumeyachimbua maneno yale, tukayafunika makofi ya kukopa, na tukayaweka duniani kwa yeyote kuyapakua.

Aliomba kila kilichotoka kwenye mikseri kiondolewe. Za ukumbini hakuwa na neno nazo: alichokiimba mbele ya watu, alisema, kilikuwa cha watu. Mstari kati ya vitu hivyo viwili aliuona vizuri kuliko sisi tuliokuwa tumeshinda nao mwaka mzima.

Siku 6

Tulibishana siku 6, na kwa hesabu yangu hizo ndizo siku mbaya kuliko zote. Mmoja wetu alitaka tuzime onyesho lililotajwa tu, kwa hoja kwamba kuzima mengine ni kumwadhibu Mzee. Mwingine alitaka kwanza tumsikilize kiongozi wa bendi, kwani ndiye aliyetoa idhini. Mimi nilitaka yote 58 yazimwe siku ile ile, na hoja yangu haikuwa ya kishujaa. Nilikuwa nimefungua mafaili yangu ya maandishi kutafuta yenye viraka, nikakuta matano. Nilijua viraka ni vingi kuliko hivyo, ila vilikuwa wapi sikuweza kuapa.

Siku ya sita kiongozi wa bendi alijibu kwamba yeye hakuwahi kuulizwa kuhusu mikseri. Ndivyo ilivyokuwa: idhini yake ilisema rekodi za Mzee. Tukawaomba wasimamizi wa hifadhi wazime yote kwa muda, nao wakafanya hivyo kabla ya jua kuzama. Muda wote huo mafaili yalikuwa wazi.

Kutafuta mishono

Maonyesho ya DAT hayakuwa na pengo la kugeuza, hivyo 11 yakawekwa pembeni. Yalibaki 47 ya kaseti, yenye mishono 71, yaani mahali pa kugeuza au kubadili kaseti.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuilinganisha nakala iliyopakiwa na faili la asili kwa kugeuza moja juu chini na kuzijumlisha, ili kinachofanana kijifute na kisichofanana kibaki. Haikufua dafu. Nakala zilizopakiwa zilikuwa zimesahihishwa kasi kwa mteremko ambao sikuuandika, hivyo hazikuoana na za asili hata mahali pasipo kiraka. Maneno yangu mawili yakanirudia.

Tulichobaki nacho ni mafaili ya asili yenyewe. Kila upande ulikuwa umehamishwa hadi utepe unapokwisha, na alama za MD5 zilithibitisha kwamba hakuna aliyeyagusa. Tulijua sekunde ambayo kila upande unaisha na ambayo unaofuata unaanza. Chochote kilichosikika kati ya hapo kwenye nakala iliyopakiwa hakikutoka kwa Mzee. Jioni 9 za hedifoni. Mwenzetu wa uhariri hakuweza kuitambua baadhi ya mishono yake mwenyewe kwa sikio, alivyoifanya vizuri, na nusura acheke kabla hajakumbuka tunatafuta nini.

Hesabu ya mwisho: mishono 16 iliyozibwa, katika maonyesho 14. Katika maonyesho mengine mawili mwimbaji alisikika akiongea na wenzake kando, mambo ya kawaida. Viraka viwili hatukuweza kujua vimetoka kanda gani. Tuliviondoa pia.

Matokeo

Maonyesho 57 yalirudi, mapengo yakiwa mapengo. Lile moja mwimbaji aliomba lisirudi hata baada ya kiraka kuondolewa, nasi tukakubali bila mjadala. Kabla ya kuzimwa lilikuwa limepakuliwa mara 31, na nakala zilizokwisha pakuliwa haziwezi kuitwa zirudi. Tulimwambia hivyo kwa namba, bila kupaka sukari. Fundi mitambo alirudishiwa kanda zake pamoja na maelezo ya kilichotokea. Alisononeka, na sidhani tulimtendea haki kwa kumwacha ajue mwishoni.

Mzee alitaka kujua jambo moja tu: kama mapengo yake yamerudi yalivyokuwa.

Uchambuzi

Nianze na idhini. Tulikuwa na karatasi, na karatasi ilitulaza usingizi. Mkataba wa Roma wa 1961, wa kimataifa wa kulinda wasanii, ulimpa mwanamuziki aliye jukwaani haki juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake, na makubaliano ya TRIPS ya 1994, ya biashara na haki miliki, yakaweka ulinzi wa angalau miaka 50. Hiyo ndiyo hakishiriki, ambayo ni ya anayeimba na anayepiga, na iko mbali na hakimiliki ya aliyetunga wimbo. Fundi mitambo kubonyeza kitufe hakumpi haki ya sauti ya mwingine. Kiongozi wa bendi kusema ndiyo kunatosha kwa desturi za hifadhi hizi, lakini mwimbaji aliyeondoka kwa kutoelewana hawezi kudhaniwa amesema ndiyo kupitia kinywa cha aliyemwachia bendi. Wanamuziki waliopita katika bendi hiyo kwa miaka yote 11 walikuwa 8. Barua nane tu, na tulikuwa na muda wa kukaza skrubu ya hedi mara 112.

Kuhusu viraka, naona kosa lilikuwa la namna tulivyopima udogo. Tulipima kwa sekunde. Sekunde 22 katika onyesho la saa mbili si kitu. Lakini pengo la Mzee halikuangukia popote tu, liliangukia pale ambapo wanamuziki wanaacha kuimba na kuwa watu, kwa sababu yeye aliyachagulia mapengo mahali hapo ili kuokoa nyimbo. Tukachukua chombo kinachosikia zaidi ya ukumbi na kukielekeza pale pale. Kama angekuwa mrekodi mbaya, anayekata nyimbo katikati, viraka vyetu vingeangukia kwenye muziki na barua ile isingeandikwa. Jambo hilo bado linanisumbua.

Kilichofanya kazi ni mafaili ya asili. Bila hayo tungeweza kuchagua kati ya kuzima yote milele na kurudisha kwa kubahatisha. Kutogusa nakala mama kunagharimu nafasi ya diski na uvumilivu, basi.

Kilichoshindwa kuliko vyote ni maandishi, na hapa siwezi kujificha nyuma ya wengine. Wakusanyaji wa rekodi hizi wana desturi nzuri ya kuweka pamoja na sauti faili dogo la maandishi: maikrofoni gani, kinasa gani, deki gani, programu gani, kilichofanyiwa marekebisho na kilichoachwa. Wengi tunaliona kama adabu kwa wasikilizaji wenye kupenda vifaa. Katika kisa hiki lingekuwa ramani. Lingeandikwa siku ile ile mshono uliposhonwa, kazi ya jioni 9 ingekuwa ya dakika chache, na siku 6 za mabishano zisingekuwepo, maana mabishano yale yote yalitokana na kutojua.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kila kitu kiandikwe hadharani. Tulipopakia upya tulilazimika kueleza kwa nini alama za uhakiki zimebadilika. Kutaja sekunde kamili za onyesho husika kungekuwa kuwaelekeza wenye zile nakala 31 mahali pa kutega sikio. Tuliandika katika maonyesho 13 yaliyorudi kati ya yale 14 sentensi moja inayofanana, kwamba viraka vya mikseri vimeondolewa. Orodha kamili, yenye sekunde, tunayo sisi watatu na Mzee. Kumbukumbu za ndani na maelezo ya nje ni daftari mbili, na sisi mwanzo hatukuwa na hata moja iliyojaa.

Kuhusu siku 6, nimebadili mawazo kidogo. Zamani ningesema tulipaswa kuzima yote mara moja. Sasa ningesema onyesho lililotajwa lingezimwa saa ile ile bila kumuuliza mtu, halafu mengine tukabishana tukiwa tumekaa. Mmoja wetu alipendekeza karibu hivyo siku ya kwanza. Nilimpinga kwa kuwa nilitaka yote yazimwe, na kwa kutaka yote nilichangia lisizimwe hata hilo moja.

Kwenye kila faili la maandishi sasa kuna mstari unaosema kaseti inageuzwa, na pengo ni la sekunde ngapi. Wasikilizaji wachache wamelalamika. Majuzi mmoja ameandika kwamba usiku wa pengo lile la kwanza alikuwepo, alirekodi kutoka viti vya nyuma, na anayo sehemu inayokosekana, sekunde zote 22, tukiitaka. Tumemuuliza maikrofoni ilikuwa mkononi mwa nani, ilisimama wapi, na kanda imepitia mikono mingapi. Tunasubiri jibu.